Gazeti letu la mtaani, Kibirizi

Naanika dagaa hapa Kibirizi, mwalo wa Kigoma, mwaka wa 11 sasa, na gazeti hili la kurasa nane nalinunua kila toleo kwa shilingi 500. Magazeti ya Dar es Salaam tunayapata, lakini humo Kigoma hutajwa ajali ikitokea au kiongozi akija.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, vijana wanaoandika gazeti hili walikuja mwaloni alfajiri, wakakaa nasi penye chanja tupu. Waliuliza sado ya dagaa ilikuwa shilingi ngapi kabla ya kufungwa, nani anamdai nani, watoto wamekula nini jana. Toleo lililofuata lilieleza kwa nini samaki waachwe wazaliane, na pembeni yake maneno ya wanawake watatu, yamechapwa kama walivyoyatamka, Kiha kikiwemo. Mama mkwe wangu hajui kusoma. Nilipomsomea akanishika mkono: "Rudia hapo, mwanangu." Nikarudia mara tatu.

Kasoro ipo. Wino unashika vidole, na safari moja walikosea bei ya chumvi. Niliwapigia simu, na sahihisho likatoka ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Kwa hilo nawaamini.

Ujiji linafika limechelewa, siku mbili hivi. Mlioko huko, mwagizeni bodaboda asubuhi, kabla halijaisha.