Sanduku la huduma ya kwanza: lipi la kununua, na ulijaze nini

Ukiingia duka la vifaa tiba hapa Dar es Salaam ukaulizia sanduku la huduma ya kwanza, utaoneshwa boksi lenye msalaba na vifuko vingi. Lifungue kabla ya kuuliza bei. Mengi yamejazwa plasta ndogo ndogo, pamba, pini na mkasi usiokata hata uzi. Pesa yako ilipie vitu vitakavyohitajika mtoto akimwagikiwa na uji wa moto au fundi akijikata na msumeno. Kwa kigezo hicho, mimi nazipanga njia za kununua hivi.

1. Kujaza mwenyewe

Kwa nyumbani hakuna inayoishinda njia hii. Tafuta kontena la plastiki linaloonyesha vilivyomo, lenye mfuniko wa kubana, kisha nenda famasi na orodha yako mkononi.

Anza na gozi (vitambaa laini vya kufunikia kidonda) zilizofungwa moja moja kwenye pakiti, kubwa na ndogo, nyingi kuliko unavyodhani zinatosha, kwa sababu kidonda kimoja kinachovuja damu hula pakiti kadhaa. Pamba usiiweke moja kwa moja juu ya kidonda, nyuzi zake hunasa. Ongeza bendeji za kuvutika za sentimita 7.5 na 10, plasta ya rola, glovu jozi kadhaa, kibanio cha kutolea miiba, kipimajoto cha dijitali (cha zebaki kikipasuka ni sumu ndani ya nyumba) na mkasi imara. Ujaribu mkasi huo kwenye kitambaa palepale dukani. Bendeji ya pembetatu ya kuning'inizia mkono uliovunjika huna haja ya kuinunua: kata kitambaa cha pamba cha mita moja kwa mita moja, kona hadi kona, utapata mbili.

Kipande cha sabuni nacho kiingie. Mtu aking'atwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuna dawa ya kupaka inayochukua nafasi ya hayo mawili. Spiriti na haidrojeni peroksaidi, ambazo wauzaji hupenda kukuongezea, huumiza nyama ya kidonda. Kwa vidonda vingine maji safi yanatosha kuosha, na chupa ndogo ya povidoni, dawa ya kuua vijidudu, ni kwa ajili ya ngozi ya pembeni.

Kwenye kuungua ndiko watu hupoteza pesa kwa mafuta na krimu. Dawa ya kwanza ni maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, halafu funika kwa gozi isiyoganda au nailoni laini ya kufungia chakula. Dawa ya meno, yai, asali na unga vibaki jikoni.

Wenye watoto, wekeni pakiti za ORS (chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha) pamoja na vidonge vya zinki. Soma pakiti inataka maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja, na kuigawa kwa kukadiria vikombe huharibu kipimo. Zinki hutolewa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Parasetamoli iwepo, ya watoto na ya wakubwa. Aspirini usimpe mtoto, na antibayotiki zilizobaki za mgonjwa wa zamani hazina kazi humu.

2. Seti iliyojazwa tayari

Inafaa kwa asiye na muda, mradi ainunue famasi inayoaminika na aongeze gozi, glovu na ORS. Angalia tarehe ya kuisha muda kwenye kila pakiti, maana iliyoandikwa kwenye boksi haisemi lolote kuhusu vilivyomo.

3. Kabati la ukutani

Kwa ofisi na karakana hili ndilo linapanda hadi nafasi ya kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamgusa kila mwajiri, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, hukagua. Lijazeni kulingana na kazi: karakana ya mbao inataka gozi nene za kukandamizia damu, jiko la hoteli linataka vya kuungua. Awepo mtu aliyefunzwa kila zamu. Na lisifungwe kwa kufuli! Ufunguo ukiwa mfukoni mwa meneja aliyeko mkutanoni, kabati hilo halipo.

4. Pochi ndogo ya gari

Ni ya mwisho. Vilivyomo ni vichache, na gari likishinda juani gundi ya plasta huyeyuka na dawa huharibika. Ukiwa nayo, ingia nayo ndani usiku na kagua plasta zake mara kwa mara.

Sanduku la nyumbani nalo lisikae bafuni wala karibu na jiko. Liweke juu, watoto wasipofika, lakini kila mtu mzima apajue. Ndani ya mfuniko bandika karatasi yenye tarehe za kuisha muda, namba 112 ya dharura, 114 ya Zimamoto, na namba ya dereva wa bajaji au teksi wa mtaani kwenu anayepokea simu usiku.