Nimelipia alaimenti mara mbili, kumbe tairi

Nilifanya wili alaimenti (kunyoosha magurudumu gari liende moja kwa moja) gereji moja hapa Dodoma, kushika tu njia ya Singida gari langu, Toyota IST, inavuta kushoto utadhani inataka kuingia kwenye mizabibu ya watu. Nikarudi, wakapiga mashine tena, wakanichaji tena, bado inavuta! Nikampelekea fundi mwingine Area C, hana hata mashine. Kapima upepo, kagusa rimu za mbele kuona kama kuna breki inang'ang'ania na kuchemsha rimu, zote vuguvugu sawa, basi akahamisha tairi ya mbele ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Kuitoa barabarani, sasa inavuta KULIA. Kuvuta kumefuata tairi, kumbe shida ni ile tairi ya mtumba niliyofunga juzijuzi. Fundi huyu nyota tano, ile gereji mbili, moja ya chai ya bure.