Fimbo ya rola ya mita 4.8, mwaka mzima bila kupaka ukuta

Nimeinunua Darajani, mjini Unguja, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, shilingi 58,000 baada ya kuvutana sana. Ni fimbo ya alumini ya kuchomekea rola ya rangi: pingili tatu zinazoingiana, kila moja kama mita 1.7, na shingo mbili za plastiki za kusokota ili kukaza. Muuzaji akaniuliza nyumba ina ghorofa ngapi. Nikamwambia mimi sipaki, napigia picha. Akacheka, akanirudishia chenji, akasema, "Haya bwana mpiga picha, lakini hii ukishaikaza haiachii." Hilo la kuachia tutalifikia.

Kazi yangu ni harusi, ngoma na nyumba za wageni. Kwenye harusi za kwetu ukisimama chini unapiga migongo na mitandio. Ukipanda kiti, umewaziba walio nyuma na bibi mmoja lazima akutukane. Droni nzuri, sikatai, lakini ina masharti yake ya kuisajili na kuombea kibali Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na sisi wa mjini uwanja wa ndege tunao jirani. Halafu kuna jambo wenye droni hawalisemi: ukipaa mita arobaini watu wanakuwa utosi na kofia. Fimbo hii nikiishikilia kitako chake kiunoni, lenzi inafika kama mita tano na nusu. Kimo hicho unaliona umbo la uwanja wote, na bado unaona nani anacheka na nani kanuna. Kwangu ndicho kimo bora cha kumpiga binadamu.

Kabla yake nilikuwa na mwanzi. Mwanzi ni mwepesi na haupitishi umeme kirahisi ukiwa mkavu, lakini ule wangu ulikuwa unapinda kama ndoana ya changu, na hakuna daladala iliyokubali kuubeba. Fimbo ya alumini ikifungwa ni mita moja na robo tatu hivi, naiweka chini ya viti na konda hasemi kitu.

Kuifunga kamera juu ndiko kulikonichosha. Tundu la chini ya kamera ni la nyuzi za robo inchi, na bolti zilizojaa madukani kwetu ni za milimita. Nilinunua ya milimita 6 kwa sababu kwa macho zinafanana. Inaingia mzunguko mmoja, wa pili, halafu inachezacheza. Ukiilazimisha unakula nyuzi za kamera. Mwisho nilichukua tripodi mbovu iliyovunjika miguu, nikaikata kichwa, fundi wa kuchonga vyuma akanitengenezea kizibo cha kuingia mdomoni mwa fimbo, kichwa kikakaa juu kwa nati na washa mbili. Shilingi 15,000. Kichwa nakilaza kiasi, lenzi itazame chini kidogo, la sivyo nusu ya picha ni mbingu. Simu ya kuongozea kamera kwa Wi-Fi nimeifunga kifuani mwa fimbo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Sasa shingo. Wiki ya pili, kwenye ua wa nyumba moja ya wageni Paje, nimesimamisha fimbo yote, mwenye nyumba kando yangu anatazama kwenye simu. Nikasikia mkwaruzo, kama mtu anaburuta ndoo. Pingili ya juu ikateremka ndani ya ya kati, kamera ikashuka mita nzima na nusu na kugota kwenye shingo. Kioo hakikuvunjika, ila kifuniko cha betri mpaka leo nakifunga kwa gundi ya karatasi. Nilipoifungua nikakuta mchanga mwembamba wa pwani umeingia kwenye plastiki na kuilainisha. Kwa rola ya rangi, ambayo unaisukuma ukutani, shingo ile inatosha. Kwa kamera ya nusu kilo iliyokaa kileleni muda wote, haitoshi, na hakuna kusokota kutakakoiokoa.

Dawa yake niliipata kwa fundi yule yule: tukatoboa kwa drili tundu moja kupitia pingili zote mbili kila kwenye maungio, nikawa napitisha pini ya chuma yenye pete. Pini zikamaliza na kero nyingine niliyokuwa nayo, kwamba pingili za duara hujizungushia zenyewe, ukidhani kamera inamtazama bibi harusi kumbe inatazama tangi la maji. Kabla ya hapo nilikuwa nimeweka alama ya rangi ya kucha ya mke wangu kwenye kila pingili. Ndiyo rangi pekee iliyowahi kugusa fimbo hii.

Julai nikaenda nayo Makunduchi, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume wanachapana kwa mapanda ya migomba, wanawake wamejipamba wanaimba, na ukichelewa huoni chochote ila vumbi. Upepo wa kusi ulikuwa mkali. Fimbo iliyosimama yote kwenye kusi ni tanga bila baharia: inakuvuta, na kileleni inatetemeka kwa namna ambayo wewe uliye chini huwezi kuihisi. Nilipandisha kasi ya shata, lile pazia la kamera, hadi 1/1000 ya sekunde ili picha isitikisike, na kijana wangu akashika kamba ya mshipi iliyofungwa chini ya kamera. Wi-Fi ilikata mara tu tulipoingia kwenye watu, simu zilikuwa nyingi mno. Nikaiacha kamera ijipige yenyewe kila baada ya sekunde mbili. Nusu saa, picha 900, za maana kama ishirini. Mojawapo ni ya kibanda cha makuti kinachochomwa kwenye sherehe, kinapowaka: duara zima la watu linarudi nyuma kwa pamoja, na katikati ya duara ni mtoto mmoja tu aliyesimama, kashika ndala mkononi. Kwa kusimama chini nisingemwona.

Onyo moja sitalipunguza. Alumini ni waya. Mitaa yetu ina nyaya za umeme zilizoning'inia chini kuliko unavyodhani, na macho yako yote yako kwenye simu. Mimi nimefunga fito ya plastiki ngumu sehemu ya kushikia, lakini hiyo si kinga ya kutegemea. Nikiona waya juu, fimbo haifunguliwi, na mteja akasirike.

Kama fimbo ya rola naipa nyota nne, mafundi rangi wanaisifu na nawaamini. Kama mlingoti wa kamera, jinsi inavyotoka dukani, mbili. Ikishatobolewa, nne tena. Dukani ipo na ya mita sita, nikaijaribu pale pale mlangoni bila kitu juu. Inapinda kama mwanzi wangu wa zamani, nikairudisha. Pini nunua nne, si mbili. Moja yangu iko Makunduchi.