Uzoefu wangu wa treni za mjini: Delhi, Addis Ababa, Johannesburg na Dar es Salaam, kwa kipimo cha mtu wa Tanga

Mimi ni mfanyabiashara wa viungo hapa Ngamiani, Tanga, na hiliki, mdalasini na pilipili manga ninavyouza huteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki kupitia Muheza. Si mtaalamu wa reli. Hata hivyo nimezaliwa katika mji ulioanza kujengewa reli mwaka 1893, kabla ya mji mwingine wowote wa Tanzania Bara, na safari za ugonjwa, harusi na biashara zimenipandisha treni za mjini katika miji minne. Watu huniuliza ipi nzuri, wakitarajia habari za viti na kiyoyozi. Mimi huanza na muda wa kusimama kituoni.

Sababu yake ni baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na mtu aliyekulia juu ya baiskeli hajui kungojea chombo kijae au kije: anafungua mlango, anapanda, anakwenda. Ndiyo maana nikifika kituo chochote cha treni hupima kwanza subira ninayotozwa kabla ya safari, kwa kuwa hiyo nayo ni nauli, hata kama haiandikwi kwenye tiketi. Sina mazoea ya kutazama saa mara kwa mara, ila mkobani sikosi tasbihi ya punje 99, na nikisimama kituoni huitoa. Treni ikifika nikiwa bado kwenye punje 33 za mwanzo, hiyo kwangu ni treni ya mjini. Nikimaliza mzunguko na kuanza mwingine, naanza kuikumbuka baiskeli yangu.

Mwaka 2018 nilimpeleka mama yangu Delhi kutibiwa goti, tukafikia nyumba ya wageni maeneo ya Malviya Nagar, na kwa majuma kadhaa njia ya manjano ya metro ikawa ndiyo miguu yetu. Nilichokishuhudia huko kimeniharibia mizani, kwa sababu karibu kila niliposimama jukwaani treni ilitokeza kabla punje 33 hazijaisha, na asubuhi wakati wa pilikapilika nilikuwa hata sijashika tasbihi vizuri. Mwanzoni nilidhani ni bahati. Baadaye nilielewa kuwa ni matokeo ya ujenzi wenyewe: reli ya metro iko chini ya ardhi au juu ya nguzo, haikatizi barabara hata moja, treni zinazokwenda na zinazorudi zina njia zao mbalimbali, na hakuna treni ya mizigo wala ya masafa marefu inayodai kupishwa. Treni isiyopisha mtu inaweza kufuatwa na nyingine baada ya dakika chache bila hofu. Sehemu ya kwanza, kati ya Shahdara na Tis Hazari, ilifunguliwa tarehe 24 Desemba 2002, chini ya usimamizi wa mhandisi E. Sreedharan, ambaye Wahindi wengi humtaja kwa heshima kama tunavyomtaja mtu aliyejenga msikiti.

Kwa mwanamke anayesafiri na mama mgonjwa, jambo jingine lililonipa raha ni behewa la kwanza, kwa kufuata upande treni inakoelekea, ambalo limetengwa kwa wanawake tangu mwaka 2010. Kwenye sakafu ya jukwaa kuna alama za rangi ya waridi zinazokuonyesha pa kusimama. Kabla ya hapo unapita ukaguzi: mkoba unaingizwa kwenye mashine, nawe unakaguliwa na askari mwanamke nyuma ya pazia, foleni ya wanawake ikiwa mbali na ya wanaume. Wapo wanaolalamika kuwa ukaguzi huo unapoteza muda. Mimi nauhesabu ndani ya subira, na bado Delhi inashinda. Mama alikuwa akipewa kiti kabla hajakiomba, wakimwita "mataji", yaani mama kwa heshima, na baada ya siku mbili akawa anaitika.

Tulivurunda wenyewe mara moja, na kosa halikuwa la mtu mwingine. Wakati huo ukilipa nauli ya safari moja ulipewa kidude cha plastiki cha duara, mfano wa sarafu, ambacho ulikigusisha mlangoni unapoingia na kukitumbukiza kwenye tundu unapotoka. Mama, kwa mazoea ya miaka sabini, alikifunga kwenye pindo la kanga. Tulipofika mlango wa kutokea fundo lilikataa kufunguka, nyuma yetu watu wamejipanga hadi kwenye ngazi, naye anatumia meno. Siku ile ile nilinunua kadi mbili za kuwekea pesa, na ninamshauri yeyote anayekwenda kukaa zaidi ya siku tatu afanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Siku mama alipopata nafuu nilikwenda peke yangu Chandni Chowk, kwenye soko la viungo la Khari Baoli. Kutoka Malviya Nagar ni vituo kumi na vitatu bila kubadilisha treni, na kila kituo kinatangazwa kwa Kihindi na Kiingereza pamoja na upande utakaofunguliwa mlango. Nilifika kwa kama nusu saa katika jiji ambalo kwa gari umbali huo unaweza kukuchukua asubuhi nzima. Juu, kwenye tundu la kituo, walikuwa wamejipanga bajaji, nami nikafurahi kuzikuta kwao zilikozaliwa, ingawa huko kuziita bajaji hakukuelewesha mtu. Wao husema "auto". Neno lililotuunganisha ni gari, kwa kuwa letu limetoka kwao, na treni wao huiita "rel gaadi". Hiliki yao sikuiogopa. Yetu ya Amani, kule Usambara Mashariki, ina harufu kali zaidi, lakini hiyo ni makala nyingine.

Tulirudi kwa kupitia Addis Ababa, tukapumzika siku tatu kwa ajili ya goti. Treni ya Addis nilikuwa na hamu nayo kuliko ya Delhi, kwa sababu ni ya jirani. Ilianza kubeba abiria Septemba 2015, imejengwa na kampuni ya Kichina kwa gharama ya dola za Marekani milioni 475, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo kutoka China, na ndiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake kusini mwa Sahara ukiacha Afrika Kusini. Ina njia mbili, moja ya kaskazini na kusini, nyingine ya mashariki na magharibi, ambazo hukutana na kutumia reli moja katikati ya jiji, karibu na uwanja wa Meskel, zikiwa juu ya nguzo. Jiji liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani akipanda ngazi za kituo anatambua hilo kifuani kabla hajaambiwa.

Nauli ilikuwa birr (fedha ya Ethiopia) 2 hadi 6 kwa kutegemea umbali, bei ambayo mpagazi na karani wote wanaimudu, na kwa hilo naipa Addis heshima kamili. Kosa la kuchanganya saa pia halikunipata huko, maana Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, na hata neno lenyewe linakaribiana na letu. Ukiambiwa saa mbili asubuhi, ni saa mbili kweli.

Tasbihi, hata hivyo, ilizunguka. Treni 41 zilizonunuliwa mwanzoni zilitakiwa zitunzwe kwa vipuri vya kuagizwa nje kwa fedha za kigeni, ambazo Ethiopia imekuwa na uhaba nazo kwa miaka mingi, na kufikia miaka ya 2020 habari za treni nyingi kulala gereji kwa kukosa vipuri zilikwisha kuwa za wazi. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa mkopo hununua reli na mabehewa siku moja, bali muda mfupi wa kusubiri unanunuliwa kila mwezi, kwa vipuri na mafundi. Treni zikipungua, zilizobaki hujaa. Zikijaa, mama mwenye goti hapati nafasi. Naye asipopata nafasi, atapanda teksi. Tulipanda mara mbili tu kuelekea Ayat na kurudi, safari laini isiyo na moshi, tukiona jiji lote kutoka juu, kisha reli ikashuka kati ya barabara na kulikata jiji pande mbili. Mwenye kutaka kuvuka kwa miguu huzunguka hadi penye kivuko.

Johannesburg nilikwenda mara moja, harusini, na treni yao ya kasi, Gautrain, ninaipitia haraka kwa kuwa sidhani kama tunalinganisha vitu vya namna moja. Ilifunguliwa tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia, na hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, kiasi kwamba kutoka uwanja wa ndege wa OR Tambo hadi Sandton ni kama robo saa. Ni safi mno. Hairuhusiwi kula, kunywa wala kutafuna ubani, na bila kadi huingii. Lakini vituo vyake vyote ni kumi, na Soweto haimo. Wenyeji wetu walikuwa wa Soweto, kwa hiyo sherehe nzima treni ile haikutufaa kitu. Tuliipanda siku ya kufika na siku ya kuondoka, kama wageni wa hoteli.

Nimeiacha Dar es Salaam mwisho kwa kuwa ndiyo niliyoipanda mara nyingi kuliko zote. Dada yangu anakaa Gongo la Mboto. Wengi bado wanaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Dk. Harrison Mwakyembe, Waziri wa Uchukuzi ilipoanzishwa Oktoba 2012. Hapo hapakujengwa reli mpya. Yalichukuliwa mabehewa na njia zilizokuwapo za Reli ya Kati na za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, zikatumika kuwapunguzia watu foleni ya barabarani. Kwa fedha kidogo ni wazo la mtu mwenye akili. Ubaya ni kwamba urithi wenyewe haukupangwa kwa ajili ya jiji: reli ya kati ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA 1,067, hivyo behewa la huku haliwezi kwenda kule, na sasa ipo ya tatu ya milimita 1,435, ile ya umeme iliyoanza kupeleka abiria Morogoro Juni 2024. Jiji moja, vipimo vitatu. Delhi nayo ina viwili, kwani njia zake za mwanzo zina upana wa milimita 1,676 na nyingi za baadaye ni 1,435, ila huko kila njia ina treni zake za kutosha.

Treni ya Pugu, ifikayo Gongo la Mboto kwa dada yangu, hupita kwenye njia ambayo treni za masafa marefu nazo huihitaji, hukatiza barabara, na huenda asubuhi na jioni kwa ajili ya watu wa kazini. Kwa hiyo tasbihi haina kazi Dar es Salaam. Huko unahitaji kuijua ratiba kwa moyo, kama mvuvi anavyojua maji kujaa na maji kupwa, na ukiikosa ya jioni umekwisha kuwa mtu wa daladala. Dada yangu hapimi kwa punje, hupima kwa foleni ya Barabara ya Nyerere, na kwa kipimo chake treni hiyo ni neema, kwa sababu ikishaondoka Stesheni haijui foleni ni nini. Jambo moja zaidi ninalolipenda: mle ndani utamkuta mama mwenye ndoo ya dagaa na kijana mwenye mafungu ya mchicha, na hakuna anayewakunjia uso. Delhi wasingeupita ule mlango wa ukaguzi.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema Delhi kwa mgonjwa, mgeni na mwenye haraka. Addis kwa mwenye pesa kidogo na muda mwingi. Gautrain kwa anayekwenda Sandton. Na Dar es Salaam kwa mtu wa Pugu anayeingia kazini saa mbili.

Swali linalofuata huwa ni la Tanga, hasa kwa wateja wangu wanaoshuka stendi ya Kange na kupanda tena bajaji mpaka Ngamiani. Treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi, iliyorejeshwa mwaka 2019, hupita Korogwe bila kuingia mjini kwetu. Reli ya kwenda Muheza kupitia Pongwe, ambayo Wajerumani waliifikisha Muheza mwaka 1896, ingali ardhini, na kila mtu barazani anasema yaletwe mabehewa mawili ya asubuhi. Nami ningeyapokea. Ila wakulima wanaoniletea hiliki humaliza shughuli zao sokoni saa tano, na kama treni ya kuwarudisha itaondoka saa kumi na moja jioni, watafanya kama wanavyofanya leo: wataweka magunia kwenye fuso alfajiri na kurudi nalo kabla ya adhuhuri. Treni ya saa sita mchana ndiyo ningeiomba kwanza, hata ikiwa na behewa moja.