Lenzi ya kubana kwenye simu: hatimaye nimeliona ua la okidi yangu

Nimeinunua Ngamiani, hapa Tanga, duka la vifaa vya simu, shilingi 18,000. Kijana alianza na 25,000. "Shikamoo mama, unataka ya kupigia hereni za biashara?" Marahaba mwanangu, nikamwambia, nataka ya kupigia ua. Akaibana kwenye simu yangu, tukaielekeza kwenye pindo la kanga niliyojifunga. Kila uzi ulionekana mnene kama kamba ya katani. Nikalipa.

Ua lenyewe ni la okidi isiyo na majani. Jina lake la kitaalamu ni Microcoelia exilis, nayo ni ya huku huku, hujishikiza kwenye matawi ya miti. Yangu ilikuja na tawi la mwembe wa jirani pale Chumbageni, ulipokatwa kupisha ukuta, na watoto walikuwa wameshaliburuta likachomwe. Asiyeijua atasema ni takataka: fundo la mizizi ya kijivu, kama uzi uliovurugika kwenye bobini. Kumbe mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya majani. Ndani ina chanikiwiti, ile rangi ya kijani inayotumia mwanga wa jua kuupikia mmea chakula. Ukiinyunyizia maji inageuka kijani huku unaitazama, ikikauka inarudi rangi ya fedha. Siipandi kwenye kopo wala udongo, itaoza. Nimelining'iniza tawi lake barazani, linapata jua la asubuhi tu na hewa inapita.

Miaka miwili nimeiona ikitoa mashada membamba yenye vitone vyeupe. Nilijua ni maua, umbo lake silijui. Mimi ni mshonaji, macho yangu yamezoea vitu vidogo, lakini ua ambalo halizidi kichwa cha pini zangu za kushonea lilinishinda.

Wiki ya kwanza na lenzi sikupata picha hata moja. Inataka uisogeze simu hadi ibaki kama sentimita mbili na nusu kutoka kwenye ua, na hapo ua likitikisika kidogo tu limeshatoka kwenye shabaha. Upepo wa bahari ukishaanza, acha kabisa. Sasa napiga saa moja asubuhi, kumetulia. Nyuma ya shada natundika kipande cha kaniki, weupe wa ua unajitokeza vizuri. Simu ikiwa karibu hivyo inaziba mwanga, kwa hiyo pembeni naweka karatasi ya fedha ya pakiti ya majani ya chai, inarudisha nuru upande wenye kivuli. Nagusa ua kwenye kioo cha simu na kuacha kidole mpaka shabaha ijifunge, natoa pumzi, napiga. Picha 30, nabakiza mbili au tatu.

Ile ya kwanza iliyotoka safi niliitazama mpaka chai ikapoa. Petali zimechongoka, nyeupe, na nyuma ya ua kuna kifuko cha mviringo, duara kama ushanga. Miaka yote miwili kilikuwa barazani kwangu na sikuwahi kukiona.

Lenzi hii imenifaa na kwa jambo jingine. Kwenye picha moja niliona vijidoa vya kahawia kwenye mizizi; nikasogea, wadudu magamba. Nikawapangusa na pamba yenye maji ya sabuni, nikasuuza. Niliona pia ukoko mweupe wa chumvi ya maji ya kisima. Tangu hapo naipa maji ya mvua niliyokinga kwenye ndoo.

Ubaya wake ni kibanio. Springi imelegea mwezi wa pili tu, na kiraka cha mpira kinachokinga kioo cha simu kimebanduka. Nimeshonea kitambaa cha fulana. Lazima uvue kava la simu, na kama simu ina kamera nyingi uiweke juu ya ile kuu, vinginevyo utapata giza. Kingo za picha zina ukungu, ua likae katikati. Lakini kioo chenyewe ni kioo kweli. Nilishanunua ya 8,000 mahali pengine, ya plastiki, kila kitu kikawa kama kinaonekana kupitia mvuke. Kabla hujalipa, igonge kwa ukucha usikie.

Ombi langu kwa watakaotamani okidi: msiende na panga kwenye msitu wa Amani. Ule ni msitu wa hifadhi, na familia nzima ya okidi imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuivusha mpaka bila kibali ni kosa. Tazameni matawi ya miembe mizee inapokatwa mtaani, kabla moto haujawashwa.

Nikiambiwa niinunue tena nitanunua, hata kwa 25,000. Kwa sasa natafuta fundi wa hapa Tanga wa kunibadilishia springi, na awe wa haraka. Shada jipya limeshachomoza, matumba nimeyahesabu jana: 14.