Katuni za vichezeo: kufuata kampuni au kuachiwa kalamu?

Mwandishi anayepewa katuni ya kuchapishwa (hadithi ya picha) iliyotokana na kichezeo: afadhali maelekezo ya kampuni, au uhuru?

Kwa kipato na wasomaji, maelekezo yanashinda. Matangazo ya kichezeo huvuta watu hadi kwenye katuni: G.I. Joe, ya wanajeshi wa kuchezea, iliyochapishwa na kampuni ya katuni ya Marvel mwaka 1982, ilitangazwa hata kwenye televisheni. Gharama huja kwenye hadithi. Kila bidhaa mpya lazima iingizwe, na za zamani zipishe. Bob Budiansky, mwandishi wa katuni ya Transformers (vichezeo vya maroboti wanaojigeuza) aliyewapa majina wengi wao, alibeba mzigo huo kwa miaka. Hapo ndipo simulizi nyingi huvunjika mgongo: msomaji hajamzoea mmoja, wameshaingia watano.

Upande wa uhuru yupo Rom, shujaa wa anga za juu aliyetokana na kichezeo. Kichezeo chenyewe cha Parker Brothers hakikudumu sokoni, lakini katuni ya Bill Mantlo, iliyoanza 1979, ilifika matoleo 75. Hata hivyo haki za jina la Rom hazikuwa za Marvel, ndiyo maana kwa miaka mingi kazi hiyo nzuri haikuchapishwa upya. Inauma.

Tena mipaka haizuii ubunifu wote. Larry Hama aliandika toleo la 21 la G.I. Joe, 1984, bila mazungumzo hata kidogo, na linaheshimiwa hadi leo.

Kama ndio unaanza na unahitaji kazi ya kila mwezi, kubali maelekezo, ila uliza mapema wahusika wangapi wapya watakuja kwa mwaka. Kama tayari una hadithi yako moyoni, usiifunge kwenye kichezeo cha mwingine.