Hita ya sola yenyewe nzuri, ila hao mafundi wao!

Nianze na la haki, hita ya kupasha maji kwa jua ni kitu cha maana, anayejenga sasa hivi asiogope. Pampu ya joto nayo niliifikiria, ile inayovuta joto la hewani, uniti moja ya umeme inakurudishia joto la uniti 3 hivi, lakini paa langu halina kivuli hata kidogo nikaona jua la bure nililipie umeme wa nini. Nikachukua vyote kwa kampuni moja, paneli za umeme, inveta, betri na hiyo hita.

Sasa siku ya kufunga naona tangi wanaliweka chini darini huku bamba la kupashia maji liko juu ya paa, na pampu hakuna. Jamani, hita isiyo na pampu inategemea maji ya moto kupanda yenyewe na ya baridi kushuka, ndo maana tangi linakaa juu ya bamba! Nikamuuliza fundi mkuu kwa upole kabisa, hayo maji yatashukaje tangini? Hakunijibu. Akachungulia nyuma yangu akasema, "Dada, niitie shemeji niongee naye."

Shemeji yupi? Kiwanja changu, mkataba nimesaini mimi, hela imetoka kwangu, eti shemeji!

Likafungwa hivyohivyo. Mchana kutwa jua linawaka, maji ya moto yamekwama hukohuko juu, tangini baridi. Jioni koili ya akiba, ile ya umeme ndani ya tangi, inawaka inakula betri, na we piga hesabu, lita 200 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 ni uniti 9 na ushee, betri yangu ina 5, taa zitabaki na nini? Giza. Tena usiku bamba likipoa, yale maji niliyopasha kwa betri ndo yanapanda sasa, yanaenda kupoa paani halafu yanarudi, yaani betri yangu inapasha joto mawingu. Nikipiga simu naambiwa fundi yuko njiani, hiyo njia sijui inaishia wapi.

Baadaye sana wakamleta kijana mmoja, kapanda, kachungulia, kashuka anacheka, "Mama, tangi lao liko chini hili." Ahsante! Akalitengenezea stendi juu ya paa, akaifungia koili saa ya kuiwasha na kuizima, na tangu hapo maji yanaunguza mpaka nachanganya na ya baridi, betri inalala imejaa.

Kwa hiyo nilitaka kuwapa nyota nne, kazi mwishowe imekaa vizuri. Nikikumbuka shemeji, tatu. Halafu juzi wametuma ujumbe kuomba maoni yangu, nimefungua nakuta "Mpendwa Bwana." Namba ni yangu, jina langu wanalo kwenye mkataba. Wachukue moja, na hiyo ni ya yule kijana.